Taco za Ijumaa: thibitisheni mapema

Habari za kazi, wapendwa. Ijumaa saa 6:30 mchana tunalinganisha taco (chapati ndogo za mahindi za Kimeksiko zinazokunjwa na nyama ndani) za migahawa mitatu ya Pilsen, mtaa wa Chicago, kwenye chumba chetu cha mapumziko.

1. Mchango ni dola 12, mwisho Alhamisi saa 12 jioni.
2. Kote tunaagiza asada, yaani nyama ya ng'ombe ya kuchoma, maana al pastor ni nguruwe na wengine hatuli. Juu yake kitunguu, kotimiri na ndimu tu. Pilipili ikae kando; tuonje nyama kwanza, jamani!
3. Nahitaji wawili wenye gari wa kuzichukua Pilsen. Chapati za mahindi zikikaa kwenye foili hulowa na kukatika, hivyo mkitoka 18th Street njooni moja kwa moja.

Anayekuja aandike "Nipo", na ataje asichokula.