Barua ya Wazi kwa Wanangu Mnaosaka Dawa kwa Kompyuta

Wanangu wa uzamili na uzamivu wa kemia,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Majuzi niliitwa kuwa mtahini wa nje. Mbele yangu alisimama kijana mpole, tasnifu yake nene kama msahafu. Alikuwa amechukua molekuli 60 za mimea yetu, akazipachika moja moja kwenye kimeng'enya cha vimelea vya malaria kwa programu ya AutoDock Vina, kisha akazipanga kwa alama. Iliyoongoza ni kurkumini, ile ya kwenye bizari ya manjano, kwa kilokalori hasi 9.4 kwa moli; kadiri hasi inavyozidi, ndivyo programu inavyokisia kuwa molekuli imeshikamana zaidi. Hitimisho lake: dawa mpya imepatikana.

Nikamuuliza: mwanangu, ile molekuli iliyokutwa ndani ya fuwele ya protini, uliitoa ukairudisha, uone kama programu itaikalisha pale pale ilipokuwa? Kimya. Histidini, zile amino asidi za kwenye tundu la kimeng'enya zinazoweza kubeba protoni upande huu au ule, ulizipa protoni upande upi? Akamtazama msimamizi wake. Msimamizi akatazama dirishani.

Sikilizeni. Katika joto la chumba, tofauti ya kama kilokalori 1.4 kwa moli inatosha kubadili nguvu ya kushikamana mara 10. Waliotunga Vina wenyewe waliandika mwaka 2010 kwamba kosa lake la kawaida ni karibu kilokalori 2.85. Yaani alama mnayoipigia vigelegele inaweza kupotoka mara 100 na zaidi. Hasi 9.4 na hasi 8.9 huwezi kuzitofautisha! Hiyo ni chekeche ya kupunguzia makapi, na anayeleta chekeche sokoni akasema ameleta unga anawadanganya wenye njaa.

Na hiyo kurkumini jamani, muiache ipumzike. Mwaka 2017 wakemia wa dawa waliichambua kwa kina kwenye jarida lao: haidumu kwenye maji yenye pH kama ya damu, haifiki mwilini ipasavyo, na inavuruga vipimo hadi ionekane inatibu kila kitu. Alama ya dokingi, yaani huko kupachika molekuli kwa kompyuta, haiwezi kuwaambia hayo. Aliyeiweka mezani akaiona inaharibika ndiye anayejua.

Siidharau kompyuta. Nobeli ya kemia ya 2024 ilikwenda kwa Baker, Hassabis na Jumper kwa kazi ya kubuni protini na kutabiri maumbo yake kwa kompyuta, na waliistahili. Lakini mkumbukeni pia Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyesaka dawa ya malaria. Dondoo lake la mmea wa pakanga wa Kichina lilikuwa linafanya kazi leo, kesho halifanyi, mpaka mwaka 1971 alipotambua kwamba joto ndilo linaloiua dawa, akatumia etha inayochemka kwenye nyuzi 35 tu. Artemisinini, dawa ya malaria, ikapatikana. Hilo lilitoka kwenye chupa na mikono.

Mengine nayataja tu. Andikeni daftari la maabara siku ile ile. Kabla ya kuipenda molekuli, chora njia ya kuisanisi, yaani kuiunda maabarani. Someni wenyewe NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli, msingoje kusomewa. Jifunzeni Linux.

Najua mtanijibu: Mzee, kiyeyusho tuliagiza tangu mwaka jana, kimekwama bandarini. Ni kweli, na ni aibu yetu sisi wakubwa. Tumejenga kumbi za mikutano zenye viyoyozi, huku sampuli za wanafunzi zikisafirishwa ng'ambo kwa kukosa mashine. Tumepandisha watu vyeo kwa kuhesabu makala, bila kuuliza kama kuna aliyeshika hata miligramu moja ya kitu anachokisifia. Mtoto wa mwenzetu akichagua kompyuta mpakato kwa sababu ndiyo pekee isiyohitaji saini tano, nani wa kumlaumu?

Yule kijana tulimpa marekebisho. Wiki iliyofuata alinijia nyumbani, nikampeleka kwenye maabara ya rafiki yangu. Tukaanza na chepesi: benzaldehidi inayonukia lozi, asetofenoni, ethanoli, na magadi makali (hidroksidi ya sodiamu) tone kwa tone juu ya barafu. Akakoroga mpaka mkono ukamuuma. Mchanganyiko ukawa maziwa, kisha kalkoni, zao la benzaldehidi na asetofenoni, ikajitenga, njano. Akaichuja, akaisafisha kwa ethanoli ya moto, akaiacha ikauke hadi asubuhi. Kipimo cha kuyeyuka kikasoma nyuzi 56, panapotakiwa.

Akachukua kijineli kingine cha kioo cha kupimia, akajaza fuwele, akapima tena bila kuambiwa.