Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na walezi wetu, wahitimu na wanafunzi wenzetu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuja, maana barabara ya kupanda huku kwetu wakati wa mvua si ya kumwombea mtu. Ratiba imetupa dakika saba. Habari za vitalu vya miti, mashimo ya taka na vita yetu na mifuko ya plastiki zimo kwenye taarifa uliyokabidhiwa mlangoni. Dakika zetu tumeona tuzimalizie kwenye hivi vyungu viwili vilivyo mezani kwako. Mmea uliomo, tunakiri, kwa sasa haupendezi. Mzazi mmoja ametuuliza asubuhi kwa nini tumempambia mgeni magugu.

Huu ni malkia wa usiku, kitaalamu Epiphyllum oxypetalum, mmea wa jamii ya kaktasi, wazee wengine husema dungusi. Hauna miiba ya kuchoma mtu, na haya yanayofanana na majani marefu ni mashina yaliyobapa. Maua huchomoza kwenye vijipengo vya kingo zake. Asili yake ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati. Huko hukaa juu ya miti mikubwa bila kuinyonya, umejishikiza kwenye gome na kula mboji iliyojikusanya kwenye panda. Kwa hiyo anayeuanika juani kwa kuwa amesikia kaktasi ni mmea wa jangwani, anauunguza. Wala usifananishwe na mnyaa wa kwenye uzio. Mnyaa ukivunjwa hutoa utomvu mweupe. Huu haufanyi hivyo, na undugu hakuna.

Ua lake hufunguka usiku mmoja tu. Linaanza kama saa mbili, linafika ukubwa wake wote karibu na usiku wa manane, jeupe, pana kuliko kiganja cha mtu mzima, na harufu yake huitafuti, inakufuata. Alfajiri ukija unakuta limelala kama kitambaa kilicholowa. Weupe huo na harufu hiyo ni mwaliko kwa nondo wakubwa wa usiku wenye ulimi mrefu, ndio wanaolichavusha huko kwao. Wenzetu wa Biolojia wanaongeza kwamba hata kupumua kwake ni kwa usiku: vitundu vya shina hufunguka giza likiingia, hewa ya kaboni huingia na kuhifadhiwa kama asidi, jua likitoka mmea unaitumia kupika chakula huku vitundu vimefungwa ili maji yasipotee. Kwa ufupi, ni mwanafunzi anayesoma usiku na kusinzia darasani, ila huyu anafaulu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tulianza na pingili 14. Zilitoka Kyela, kwa mama yake mzazi mama mpishi wetu, ambaye ameuacha mmea huu upande kwenye mwembe wake na kila mwaka unachanua bila mtu kuuhudumia. Kyela iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, joto na unyevu havikosekani. Hapa Mbeya tuko kwenye mita 1,700. Tulijua kuna tofauti, lakini tulidhani bidii ingetosha.

Bidii ndiyo iliyoua. Tuliziacha pingili siku saba kivulini majeraha yakauke, hapo tulifanya vema. Kisha tukazipanda kwenye vyungu tulivyojaza udongo mweusi wa bustani ya mchicha, tukapanga zamu ya kumwagilia kila siku, na asiyemwagilia alifagia bweni. Basi hata Juni na Julai, baridi ya usiku ikiwa ya kuuma mifupa na mmea umepumzika, hauhitaji maji, watu walimwaga maji kwa kuogopa ufagio. Pingili 11 zilioza kuanzia chini, laini kama ndizi iliyopigwa. Hakuna aliyekosea zamu hata siku moja, daftari lipo.

Tatu zilizobaki ziliokolewa na mama mpishi, na wala hakukusudia. Vyungu vilimzibia njia, akavisogeza nyuma ya jiko, kwenye ukuta uliokuwa ukipata moto wa kuni tangu alfajiri hadi usiku. Pale hapakuwa kwenye zamu ya mtu, kwa hiyo hapakuwa na maji. Paa lilikinga umande, mparachichi ulikinga jua la mchana, na ukuta ulibaki na uvuguvugu mpaka usiku mkubwa. Septemba tulikuta machipukizi mekundu. Tulikuwa tumehangaika kutafuta hali ya hewa ya Kyela, kumbe ilikuwa hatua arobaini kutoka darasani, nyuma ya sufuria la maharage.

Tangu hapo tukabadilisha na udongo. Sasa tunachanganya mboji ya majani, mchanga wa mtoni, vipande vya mkaa na vile vijiwe vyepesi vinavyoelea majini, ambavyo volkano ya Rungwe ilitumwagia zamani bila malipo. Vyungu ni vya Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa. Havina rangi ya kung'aa, hivyo udongo unapumua. Tunamwagilia pale tu kidole kikiingia na kutoka kikavu. Adui aliyebaki ni vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe kama pamba, tunawafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Wazazi wameuliza kama unaliwa. Tunda letu bado hatujaliona, kwani vyungu vyote vimetoka kwenye shina moja, na mmea huu kwa kawaida hautungi tunda kwa chavua yake wenyewe. Lakini lile tunda la dragoni linalouzwa ghali mijini ni binamu yake. Nalo huchanua usiku, hupanda kwenye nguzo, na wakulima wengine huamka usiku na brashi kulichavusha kwa mkono. Kwa wenye mashamba Kyela, hilo ni la kujaribu. Kwa Mbeya mjini tusidanganyane.

Sasa ombi letu. Mwaka huu jiko la shule limehamia kwenye gesi, kufuatia agizo la Serikali kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa. Tumefurahi sana. Mama mpishi halii tena kwa moshi, na miti tunayoipanda haiishii jikoni. Ila ukuta umepoa. Juni inakuja, na vyungu vyetu, ambavyo sasa ni 22, havina pa kujikinga. Tunaomba utusaidie mabati sita ya plastiki yanayopitisha mwanga, na mbao za kuyashikilia. Mafundi tunao, ni wazazi waliokaa hapa mbele yako, na mmoja wao ni yule aliyeuliza habari za magugu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, pengine umejiuliza kwa nini tumekuletea mezani vyungu visivyo na ua hata moja. Chungu cha tatu kina vitumba viwili, lakini mmea wenye vitumba ukihamishwa huvidondosha, hivyo tumekiacha mahali pake. Wiki nzima vitumba vilikuwa vimening'inia. Tangu juzi vimepinda shingo na kutazama juu kama bata anayenusa mvua, na leo asubuhi ncha zimeanza kutoa weupe. Kwa mahesabu yetu ni usiku huu.

Mwalimu wa zamu ameturuhusu kusimamisha prepo saa nne kwa nusu saa. Kiti chako kimeshawekwa nyuma ya jiko, na chai ya tangawizi itakuwepo. Dereva wako tumemwuliza, amesema yeye hana haraka.

Naomba kuwasilisha.