Tusiogope sindano ya mgongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niongelee homa ya uti wa mgongo. Jina lake lenyewe linatupotosha. Mtu akilisikia anashika kiuno, kumbe ugonjwa huu si wa mifupa. Ni kuvimba kwa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na dalili zake nyingi ziko juu: homa kali, kichwa kuuma sana, kutapika, kukimbia mwanga, shingo kukakamaa. Kichanga anaweza asikakamae shingo kabisa; yeye hukataa kunyonya, hulegea, utosi ukatuna.

Mpwa wangu wa miaka minne alishikwa na homa Julai ya mwaka juzi hapa Ngarenaro. Tukamnunulia dawa ya malaria dukani bila kupima. Hapo tulikosea, tena sisi watu wa Arusha, ambako malaria ni chache mno ukilinganisha na Geita au Kigoma. Usiku wa tatu mama yake akataka kumvalisha sweta, maana baridi ilikuwa kali. Kila alipojaribu kumwinamisha kichwa, kidevu kiligoma kushuka na mtoto akapiga yowe. Jirani mmoja akasema degedege, mwingine akataka afukizwe. Alfajiri tukachukua bajaji kwenda hospitali.

Daktari akaomba ruhusa ya kuchukua maji ya mgongoni. Babu yake akakataa katakata: ile sindano inapoozesha, fulani alichomwa akafa. Maneno haya yamezagaa misibani na vijiweni, na yananiuma. Huyo fulani aliuawa na ugonjwa uliomfikisha pale akiwa hoi. Sindano huingia kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na kinachotolewa ni matone tu. Daktari naye humkagua mgonjwa kwanza kabla ya kumchoma. Sisi tulibishana saa mbili nzima. Bahati nzuri dawa walimwanzishia bila kutusubiri. Baba yake aliposaini, maji yalitoka na ukungu kama yaliyooshewa mchele. Ya mtu mwenye afya huwa meupe kama maji ya kunywa.

Maji hayo ndiyo yanayosema ni homa ipi, kwa sababu ziko nyingi. Ya bakteria ndiyo ya kuogopwa zaidi, inaweza kuua ndani ya saa 24. Mpwa wangu alikutwa na pneumokoka, bakteria yuleyule wa nimonia. Bakteria mwingine, meningokoka, ndiye wa ile milipuko ya ukanda wa Senegal hadi Ethiopia; mwaka 1996 na 1997 waliugua watu zaidi ya 250,000. Ya virusi mara nyingi hupoa yenyewe. Ya kifua kikuu hunyemelea kwa wiki kadhaa, na matibabu yake ni ya miezi mingi. Ya fangasi huwapata hasa wanaoishi na VVU ambao kinga imeshuka sana. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Chanjo zipo, bure. Ya pneumokoka hutolewa nchini tangu 2013, na ile ya magonjwa matano kwa moja, yenye kinga ya bakteria mwingine wa homa hii, tangu 2009. Zote hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwenye kadi ya mpwa wangu wiki ya 14 iko wazi; familia ilikuwa imehama.

Alipona, ila hasikii tena. Mama yake akitaka kumwita hugonga meza ili ahisi mtikisiko.

Nawaomba wahudumu wa afya wa mitaa yetu waizungumzie sindano hii kliniki na kwenye mikutano ya mtaa, wakiwalenga akina babu na akina baba, kwa kuwa ndio wanaoulizwa ruhusa usiku wa manane.

Mjomba wa mtoto,
Ngarenaro, Arusha