Mfumo wa kompyuta uwe na nafasi ya kuandika sababu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nichangie makala mliyochapisha kuhusu mashirika yanayonunua mifumo ya kompyuta ya kuwasaidia mameneja kuamua. Mwandishi ameimwagia sifa mifumo hiyo, na nyingi inazistahili. Ila kuna jambo amelipita mbio, nami niliyefanya kazi masijala tangu ujana wangu hadi nikastaafu siwezi kulinyamazia.

Fungua jalada lolote la ofisi lililotunzwa vizuri. Upande wa kulia utakuta barua, kila moja na namba yake ya folio. Upande wa kushoto kuna madokezo. Wageni husoma barua, lakini sisi tuliokuwa tukiyapeleka majalada mezani kwa wakubwa na kuyarudisha tulijua kwamba mambo yenyewe yako kushoto. Hapo fundi anamwandikia mkuu wake kwamba hashauri kifaa fulani kinunuliwe kwa sababu cha mwanzo kilipasuka, mhasibu anaandika chini yake kwamba fungu halitoshi kununua kingine, na mkurugenzi anamaliza kwa maneno manne na sahihi. Ukurasa mmoja tu, nawe umeshajua kilichoamuliwa, aliyepinga na kwa nini hakusikilizwa.

Shirika moja nililofanyia kazi (silitaji jina, na wala si la ajabu kuliko mengine) lilileta mfumo wa kusimamia ghala. Ulipitia leja zote za vipuri, ukaangalia kipi kinatoka na kipi kimekaa, kisha ukatoa orodha ya vilivyododa, vyote vimepakwa rangi nyekundu. Kwenye orodha hiyo zilikuwemo sili za kuzuia pampu kubwa isivuje, zimekaa rafuni miaka bila kuguswa. Kwa hesabu za mfumo, hizo zilikuwa fedha zilizolala. Zikaondolewa, nafasi ikapatikana, na mkuu wa ghala akapongezwa kikaoni.

Kwenye jalada la pampu ile kulikuwa na dokezo la fundi mkuu wa zamani, kwa wino wa bluu, mwandiko umelala kama nyasi. Aliandika kwamba kiwanda kimeacha kutengeneza sili za aina hiyo, na kwamba zilizopo zitunzwe mpaka pampu itakapong'olewa. Wakati leja zinahamishiwa kwenye kompyuta, kijana aliyepewa kazi hiyo alikuta nafasi ya kujaza jina la kifaa, namba, idadi na tarehe ya kupokelewa. Nafasi ya kueleza kwa nini kifaa kipo haikuwepo, na hakuna aliyemwambia aulize. Pampu ilipoanza kuvuja ndipo wakubwa wakakumbuka njia ya kuja masijala.

Simlaumu kijana, na hata kompyuta siilaumu, kwani ilijibu swali ililoulizwa. Waasisi wa fani hii walikuwa waangalifu kuliko wauzaji wanaotutembelea na grafu zao. Mwaka 1971 Anthony Gorry na Michael Scott Morton wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, waliyapanga maamuzi kwa kadiri yanavyoweza kuwekewa kanuni. Yenye kanuni kamili, kama kuagiza karatasi zikipungua kufikia kiwango fulani, yaachiwe mashine. Yaliyobaki, ambayo sehemu yake ni hesabu na sehemu ni busara, mashine ifanye hesabu na mtu abaki na busara yake. Sili zetu zilikuwa za kundi hili la pili, zikahukumiwa kama karatasi.

Wala msidhani haya huyapata mashirika yasiyo na uwezo. Mwaka 2009 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilieleza habari za Fogbank, kitu kinachotumika ndani ya silaha za nyuklia aina ya W76. Wahusika walipotaka kukitengeneza tena ili silaha hizo zidumu zaidi, walikuta kumbukumbu za utengenezaji wa miaka ya 1980 ni chache, na karibu wataalamu wote walishastaafu au kuondoka. Kazi ikachelewa na mamilioni ya dola yakateketea. Tena baadaye ikabainika kwamba Fogbank ya zamani ilitegemea uchafu fulani uliokuwa kwenye malighafi, na utaratibu mpya ulikuwa unausafisha. Hata wazee waliokitengeneza mwanzoni hawakujua kuwa wanauhitaji.

Kwa hiyo sidai kwamba kila kitu kinaandikika. Maarifa mengine yako mikononi na masikioni, na dawa yake ni kumweka kijana kando ya mzee muda wa kutosha. Ile wiki ya makabidhiano, mstaafu anapoambiwa aandike yote anayoyajua huku watu wameshaanza kugombea kiti chake, haisaidii chochote. Nimeyahifadhi makabidhiano ya namna hiyo mengi: orodha ya funguo, orodha ya samani, sahihi mbili, basi.

Lakini yanayoandikika yako mengi, na watu huyaandika wakiona faida. Katika kampuni ya Xerox, mtafiti Julian Orr alifuatana na mafundi wa mashine za kunakili, akaona kwamba ufundi wao mwingi unapita kwenye visa wanavyosimuliana, tena mara nyingi wakiwa mezani wanakula, kuliko kwenye vitabu vya maelekezo. Miaka ya 1990 kampuni hiyo ikawa na hazina ya vidokezo iliyoitwa Eureka. Fundi aliandika tatizo na namna alivyolitatua, wenzake wakakipima kidokezo chake, na kikikubalika kinaingia kikiwa na jina lake. Nikisoma habari hizo naona ni masijala yenyewe! Dokezo halikuwa halali bila jina, cheo na tarehe, na mtu anayejua jina lake litasomwa na watakaokuja baada yake huandika kwa kujiheshimu.

Siku hizi uamuzi unafanyika kwenye simu au kwenye kikundi cha WhatsApp, halafu kwenye mfumo inaingizwa tarakimu peke yake. Wengine hufanya hivyo kwa haraka. Wengine, tusidanganyane, hawataki ijulikane walishauri nini.

Ninachotaka ni kitu cha kawaida. Kila uamuzi unaoingizwa kwenye mfumo uwe na sababu na jina la aliyeitoa, na mfumo ukitaka kushauri kitu kiondolewe au utaratibu ubadilishwe, kwanza umwonyeshe meneja aliyoyaandika yule aliyekiweka. Iwepo pia tarehe ya kuiangalia upya sababu hiyo. Pampu ile ikishang'olewa, sili zake ni takataka kweli, na kung'ang'ania kuzitunza kwa heshima ya dokezo la zamani utakuwa upuuzi wa aina nyingine.

Namwomba mwandishi wa makala, akirudi kwa wauzaji wa mifumo hiyo, awaulize ni sehemu gani ya skrini mtu anaandika sababu, na kama mfumo unamruhusu kuendelea akiiacha wazi. Majibu yao yachapishwe hapa hapa, ili mashirika yanayokaribia kusaini mikataba yayasome kwanza.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtunza kumbukumbu mstaafu