Mwanangu, usiache dumu la maji ufukweni

Mwanangu Salumu,

Assalaam alaykum. Nimesikia giza hili unatoka na mashua ya dagaa, na kwamba safari iliyopita dumu la maji mliliacha ufukweni ili barafu ipate nafasi. Mjomba wako ndiye aliyeniambia, usimkasirikie.

Katika uuguzi wangu nimepokea wavuvi waliozimikiwa mashine. Mmoja alikuwa rika lako. Midomo imepasuka, na mkojo wake, robo kikombe tu, una rangi ya chai ya mkandaa. Kiu ilimshinda akanywa maji ya bahari.

Figo zako mbili huchuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu kwa siku, yaani madumu tisa ya lita 20. Si kwamba una damu nyingi hivyo. Ni ile ile inayozunguka. Unakojoa lita moja na nusu hivi, mengine yote yanarudi mwilini.

Unakumbuka bibi yako alivyokuwa akitia papa chumvi? Hakuna aliyemkamua papa, lakini asubuhi beseni lina maji, chumvi imeyavuta. Figo nayo ina chumvi yake. Kila kimrija chake hushuka ndani, hupinda, kisha hupanda, na ule upande unaopanda husukuma chumvi nje huku ukiyazuia maji yasiifuate. Chumvi hiyo, pamoja na urea, taka ya hao samaki unaokula, hurundikana hadi kiini cha figo kinakuwa kikali mara nne kuliko damu. Mkojo hupita hapo mara ya mwisho kabla ya kwenda kibofuni. Ukikaukiwa, ubongo hutoa homoni inayofungua vijilango vya maji kwenye kuta za mrija, na ule ukali ukayavuta maji yakarudi kwenye damu. Ukinywa ukatosheka, vijilango hufungwa, mkojo ukatoka mweupe.

Lakini mara nne ndio mwisho wa nguvu zake, na humo humo lazima itoke na ile urea. Chumvi inabakiwa na nafasi ndogo. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na ili kuzitoa figo inahitaji maji zaidi ya hiyo lita uliyokunywa. Yanayopungua inayachota mwilini mwako, mwanangu.

Yule kijana tulimtundikia dripu, akapona. Mwenzake waliyekuwa naye chomboni hakufika kwetu.

Dumu jeupe nimelisuuza na kulijaza, liko nyuma ya mlango. Pitia ulichukue kabla hamjasukuma chombo, hata kama ni usiku. Sitalala.

Mama yako