Abdul si jina, ni nusu ya jina

Kwa Mhariri,

Siku ya chanjo hapa Mumias, ita "Abdul!" kwenye foleni ya kliniki uone akina mama watakavyogeuka. Lakini Abdul si jina. Abd ni mja, mtumwa. Shina hilo ndilo lililotupa ibada na kuabudu. Ile u ni alama ya kiima katika sarufi ya Kiarabu, nayo l ni masalia ya kibainishi al, kineno kinachotangulia nomino kama the ya Kiingereza. Kwa hivyo anayeitwa Abdul anaitwa "mja wa", kisha kimya. Wa nani?

Kosa huanzia kwenye fomu. Mzazi hutamka Abdulrahman, karani akasikia mawili: Abdul likaingia nafasi ya kwanza, Rahman ya pili, Makokha ya tatu. Shuleni wakishika lile la kati, mtoto anakuwa Rahman, na hapo pabaya zaidi. Karim aweza kuwa mtu. Sisi wenyewe twasema fulani mkarimu. Rahim vilevile, maana Kurani, sura ya 9 aya ya 128, yamsifu Mtume kwa neno hilo. Ar-Rahman ni la Mungu peke yake.

Liandikwe neno moja, bila pengo wala kistari: Abdulrahman, Abdulkarim, Abdulaziz. Anayeandika Abdurahman hajakosea. Kiarabu kina herufi 14 za jua, r ikiwemo, ambazo humeza ile l. Mbele ya k haimezwi, ndiyo maana husikii Abdukarim kwa Mwarabu. Chagua mwandiko mmoja uushikilie, tangu karatasi ya hospitali (au ya naibu wa chifu, kwa aliyezaliwa nyumbani) hadi kitambulisho.

Wapwani walishaepuka balaa hili kwa Abdalla, yaani mja wa Allah, jina zima lililolainishwa. Nalo ni kongwe kuliko Uislamu wa Makka: ndilo la babake Mtume.

Aliyekwisha kosea asikawie. Sheria ya Kenya ya usajili wa vizazi na vifo humruhusu mzazi kurekebisha jina la mtoto ndani ya miaka 2 tangu lisajiliwe, kwa ada. Ikipita hiyo, ni wakili, hati ya kubadilisha jina na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Na kabla ya kutia sahihi, mwambie karani akusomee alichoandika, herufi kwa herufi. Akifika kwenye l akasema "nafasi", mrudishie kalamu.

Mwalimu wa madrasa,
Mumias