Mdogo wangu, wewe ulimwelewa

Mdogo wangu,

Siku ya arobaini ya mama yako tulikaa chini ya turubai moja, na hukunijia. Nilikuona ukigawa sahani. Ulimpa kila aliyekaa mkeka wangu, ukaniruka mimi, sahani yangu ikaletwa na mtoto. Sikusema kitu. Siku ile ilikuwa ya mama mdogo, naye hakupenda watu wanuniane penye chakula. Lakini basi lilipovuka daraja la Pakwach usiku ule, nikajiambia nitakuandikia. Simu zangu hupokei, ujumbe wangu huufungui, basi nakuandikia hapa ambapo najua huwa unapita. Wengine watasoma, wasome.

Pole, kwanza. Sikuwahi kukupa pole uso kwa uso. Mama yako ndiye aliyenibeba mgongoni tuliporudi kutoka Zaire mwaka 1986, naye mwenyewe bado msichana. Mengine kati yangu na yeye unayajua.

Sasa, hili letu.

Nasikia unawaambia watu kwamba nilikuaibisha. Ni kweli, nilikuaibisha, tena kwenye veranda ya mahakama, mbele ya mke wa mteja wako aliyekuwa na mtoto begani, mbele ya askari na wale vijana wawili mlioanza nao. Nilikupokonya faili mkononi. Nikakuambia kwa Kinubi, ili wengine wasielewe, ingawa sura yangu waliielewa wote: "Ungebaki nyumbani kwa mama yako." Ulinitazama, ukavua tai, ukaikunja vizuri, ukaiweka mfukoni, ukaondoka. Mwaka wa pili huu. Tai ile niliinunua mimi.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hasira yangu ilikuwa kubwa namna ile. Mawakili wachanga hukosea. Nimewasimamia wengi, wapo waliosahau tarehe, wapo waliokwenda mahakama siyo, na sijawahi kumpokonya mtu faili. Kwako ilikuwa tofauti kwa sababu wewe ulimwelewa yule baba, mteja wako.

Mke wake alinisimulia, na yule binti mliyekwenda naye akanithibitishia. Shtaka lilisomwa kwa Kiingereza. Mkalimani akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: ni kweli uliingia Uganda bila kibali? Yule baba akaanza kueleza. "Ndiyo, niliingia, juu ya vita. Batoto bangu bane. Sikuyua kwenye banaandikisha." Mkalimani akamgeukia hakimu, akatoa maneno mawili: ni kweli. Hakimu akaandika. Maelezo yote ya mtu, watoto wake wanne, Bunagana kule mpakani mwa Kongo na risasi zake za Juni 2022, vikabaki hewani.

Mkalimani yule alisikia "juu ya vita" akaona halina maana, kwa sababu kwake juu ni juu ya meza, juu ya mti. Wewe je? Mama yako kasema "juu ya" maisha yake yote. Sijaenda sokoni juu ya mvua. Umechelewa juu ya nini? Kiswahili kile alikitoa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, wakati nusu ya West Nile ilipokimbilia Zaire na Sudan baada ya Amin kuanguka, na mimi nikazaliwa kule. Umekulia ndani ya maneno yale. Katika chumba kile chote, hakimu, mwendesha mashtaka, karani, askari, ni wewe peke yako uliyejua Kiingereza cha mahakama na pia Kiswahili cha yule baba. Ukakaa kimya. Akahesabiwa amekiri. Faini ambayo hata angeuza nini asingeipata, au miezi gerezani, na baada ya hapo arudishwe kwao.

Hilo ndilo nililoshindwa kulimeza. Nikikufikiria najaribu kukuona ukicheka, nakuona umekaa kwenye benchi lile na kalamu mkononi.

Kila Jumatatu jioni ofisini kwangu mlikuwa sita, mmebanana kwenye mabenchi mawili, kelele za teksi zinaingia dirishani, nami niliwapa kila nilichonacho. Kwamba saa 48 za Katiba zinahesabiwa tangu mtu alipokamatwa, si tangu alipoandikwa kwenye kitabu cha kituo. Kwamba bondi ya polisi, yaani dhamana ya kituoni, ni bure. Kwamba sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtu siku 30 za kuomba hifadhi, na zikimpita bado haturuhusiwi kumrudisha penye kifo. Kwamba Uganda imo katika Mkataba wa 1951 tangu mwaka 1976, na ibara ya 31 inakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuvuka mpaka bila karatasi ikiwa ametoka moja kwa moja penye hatari, akajitokeza bila kuchelewa na kueleza sababu. Kesi ya Adan mliikariri kama sura ya Kurani. Mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake yaandikwe karibu kabisa na alivyoyatamka, kisha maelezo ya kesi yasomwe naye apewe nafasi ya kuyapinga. Wewe ndiye uliyeifafanulia wenzako vizuri kuliko nilivyoifafanua mimi.

Sasa niseme tena kwamba sikukufundisha? Nilikufundisha. Na kanuni za mwaka 2009 zinamtaka wakili atoe saa 40 kwa mwaka kwa wasio na uwezo, au alipe pesa badala yake. Mimi saa 40 huziona zimekwisha kabla mwezi wa pili haujatoka. Nina kesi za kulipa kodi ya ofisi, nina watoto. Asubuhi ile nilikuwa mbele ya jaji, na mbele ya jaji simu huzimwa. Huo si uongo. Ulinipigia mara tatu, ukaandika, "Dada, wanamsomea sasa hivi, nifanye nini?" Niliuona ujumbe huo saa saba mchana.

Lakini usiku wa kuamkia siku ile nilikuambia, "Nenda bila wasiwasi, nitakuwa kwenye simu." Nilikuwa najua ratiba yangu. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimechoka nikataka ulale nami nilale.

Na kuna jambo sikuwafundisha hata Jumatatu moja. Sikuwaonyesha wakili mchanga anavyoinuka huku hakimu anaandika, magoti yanamtetemeka, na kusema, "Mheshimiwa, naomba radhi, tafsiri hiyo haikukamilika." Kesi ya Adan mliijua. Namna ya kufungua mdomo mbele ya mtu mzima mwenye mamlaka, wewe uliyelelewa usimkatize mkubwa, usimtazame usoni, upokee kwa mikono miwili, hiyo nani angekufundisha? Mama yako alikulea uwe na adabu, mimi nikakutuma mahali ambapo adabu ile ilimgharimu mtu. Mimi nilijifunza kuinuka kwa kusukumwa. Wakili mkuu wangu alinichoma mgongoni kwa kalamu nikaruka nimesimama, maneno yakaja yenyewe. Mgongoni kwako hapakuwa na mtu.

Najua utasema nageuza maneno ili nionekane mwema. Labda. Lakini nami sikubali kwamba kosa lote ni langu. Ulikuwa na mdomo.

Faili nililokupokonya sikulifungua mpaka usiku. Kwenye karatasi ya mwisho, kwa mwandiko wako, uliandika yote aliyoyasema, neno kwa neno, na "juu ya vita" ukaipigia mstari mara mbili, mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Pembeni umeandika kwa Kiingereza maana yake. Kumbe ulikuwa unaandika wakati mimi kichwani mwangu ulikuwa umelala. Nilikaa na karatasi ile mezani mpaka adhana ya alfajiri. Ningekupigia wakati ule ule. Nilingoja asubuhi, asubuhi nikangoja Ijumaa, na siku ya kumi na nne ndiyo mwisho wa kukata rufaa, nikajisingizia kazi.

Rufaa tulishinda, hilo sijui kama uliambiwa. Aliyekiri kosa hakati rufaa ovyo, ila anaweza kusema kukiri kwake hakukuwa halali, na kumbukumbu ya mahakama haikuonyesha hata lugha aliyosomewa. Hukumu ikatenguliwa. Lakini alishakaa ndani miezi minne, na mtoto wake mdogo alipomwona alimkimbia, hakumtambua.

Wako Nakivale sasa, makazi ya wakimbizi, kipande cha shamba, mahindi na maharage. Nilikwenda mwaka jana. Nilidhani atakuzungumzia kwa uchungu. Aliniuliza, "Ule kijana wa Kiswahili ya kwetu, iko wapi?" Kwamba seli ile alikaa siku tatu akisikia lugha asizozijua, ukaja wewe ukachuchumaa kwenye nondo, ukamsalimia, ukampa chapati mbili na maji, ukamuuliza majina ya watoto wote wanne. Kuhusu mahakamani hakuniuliza lolote. Nilijaribu kumweleza, akanikatiza akaniletea mahindi ya kuchoma.

Sijui kwa nini sikukupa salamu hizo Arua, siku ile ya arobaini. Nilikuja nazo. Ulipoiruka sahani yangu nikazirudisha mkobani.

Jumatatu ijayo nina wapya wanne. Sitaanza na Katiba. Nitawasimamisha mmoja mmoja katikati ya ofisi, mimi niwe hakimu, niandike bila kuwatazama, wao wanikatize. Nahitaji mtu wa kuwa mkalimani anayeacha maneno njiani, anayejua hasa ni maneno gani huachwa. Tunaanza saa kumi na moja na nusu. Tai si lazima.

Dada yako